Aliyetaka Arubuni Kwanza

Mteja alipoingia studio ya Fundi Picha, kitu cha kwanza kukutana nacho hakikuwa kamera wala salamu. Kilikuwa kiganja. Kiganja kipana, kimekunjuliwa juu ya meza, kimetulia kama sahani inayosubiri chakula. "Nusu sasa," Fundi alisema, "nusu ukija kuchukua." Pesa ikishatua ndipo alipouliza habari za nyumbani, na aliziuliza kwa mapenzi ya kweli, mpaka habari za mbuzi.

Nilikicheka kiganja hicho kwa miaka mingi, maana nilikuwa nimesoma. Sasa nimefika umri wa kuchekwa mimi, na nataka kukisifu. Sitaeleza Fundi alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Watu wa Kanazi wanajua, na wasio wa Kanazi haitawasaidia kitu. Nitaeleza habari za hiyo nusu ya kwanza, na za debe moja la mafuta ya msaada lililokaa chini ya meza yake miaka na miaka likiwa na bahasha ndani, kwa sababu jina lake zuri lote lilifungiwa humo.

Studio ilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, kando ya barabara ya kwenda Kabanga. Mbele kulikuwa na benchi, na pazia lililochorwa nyumba ya ghorofa yenye ngazi zisizofika mlangoni. Nyuma kulikuwa na chumba cha giza, alikosafishia picha nyeusi na nyeupe kwa taa nyekundu iliyowashwa kwa betri ya gari. Picha za rangi hazikusafishwa pale. Mkanda ulipandishwa basi kwenda Mwanza, ukarudi baada ya wiki mbili, au tatu kama dereva alisahau. Na ukutani, kwenye msumari, lilitundikwa koti.

Lilikuwa koti la suti, la kijivu, lisilo na suruali yake, na kila mwanamume aliyetaka kuonekana mtu alilivaa. Nenda leo nyumba yoyote ya zamani wilayani Ngara, omba wakuonyeshe albamu: utaona koti moja limeoa wanawake arobaini. Mgongoni lilikuwa limepasuka kutoka ukosi mpaka chini. Fundi hakulishona. "Kuna mtu umemwona amepigwa picha mgongo?" aliuliza.

Alikuwa mkali, lazima niseme. Ukifumba macho wakati wa flashi alikuita mwizi. "Umekula fremu yangu," alisema, na fremu uliyoila uliilipia. Chai yake aliinywa peke yake, ameupa mlango kisogo, asije akalazimika kukaribisha. Wapiga picha wengine waliopita sokoni na kamera shingoni hakuwasalimu, aliwaita watalii. Lakini mkono huohuo uliokuwa mgumu kwa chai ulikuwa na kitambaa chenye maji, na kwa kitambaa hicho alimfuta uso kila mtoto aliyeletwa pale, taratibu, nyuma ya masikio na puani, kwa namna ambayo mama zao wenyewe walikuwa hawana nafasi nayo.

Hiyo kanuni ya nusu hakuzaliwa nayo. Aliipata Nyamigogo, upande wa Biharamulo, kwenye harusi.

Ilikuwa harusi ya wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga, watu wa ng'ombe wengi na maneno machache. Baba wa bibi harusi alimwagiza Fundi apige kila kitu asibakize, bei wataelewana. Fundi alimaliza mikanda miwili. Alipiga wakwe, alipiga ngoma, alipiga keki, alipiga ng'ombe wa mahari wakiingia zizini. Akaipeleka mikanda Mwanza kwa pesa yake, wiki tatu zikapita, akaenda Nyamigogo kwa baiskeli na bahasha nene begani. Alikuta bibi harusi amesharudi kwa baba yake. Akaenda kwa bwana harusi.

"Mpelekee aliyekuagiza," bwana harusi alisema, hata bahasha hakuifungua.

Akaenda kwa baba. Mzee alizipitia picha zote, moja moja. Akitokea mkwe wake aliifunika picha kifudifudi juu ya goti. Mwishoni alitenga nne.

"Hizi nachukua."

Fundi akaziangalia. Zote nne zilikuwa za ng'ombe.

"Na hizi nyingine, mzee wangu?"

"Huyu kijana simjui," mzee alisema. "Dume namjua."

Fundi alirudi na picha sitini na nane za ndoa isiyokuwapo. Alinisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara alikifunga kwa maelezo yaleyale, ambayo mimi niliyekaa madarasani miaka mitatu nikisoma uchumi na Kiswahili sijapata kuyasikia yakisemwa vizuri zaidi. "Mwoka mikate, mteja akikosa kuja, mkate anamwuzia mwingine. Fundi cherehani hapa jirani, suruali ikikosa mwenyewe, ataipunguza kiuno avae mtu mwingine. Mimi picha ya uso wako nitamwuzia nani? Dunia nzima ina mteja mmoja. Huyo mmoja akinikimbia, nimebaki na karatasi inayonitazama." Halafu aliongeza: "Tena mtu akishaona flashi imewaka, moyoni mwake ameshapata picha. Ameridhika tayari. Ukitaka akukumbuke, mguse kabla ya flashi."

Tangu Nyamigogo aliwagusa wote. Padri alitoa nusu. Bwana mkubwa mmoja wa wilaya alitoa nusu, akiwa amenuna, na amenuna hata kwenye picha. Mama mkwe wake Fundi, ambaye kwa desturi za pale hata kumtazama usoni ilikuwa shida, aliweka nusu juu ya kiti na kugeuka, naye Fundi akaichukua akiwa ameinama. Kisha akampiga picha bila kumwangalia. Kichwa kilikatika kidogo, lakini heshima ilibaki nzima.

Hapo ndipo ninapoingia mimi na brashi yangu.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na ninasubiri ajira. Kusubiri nyumbani kwa baba, Nyabusozi, kulikuwa na jembe ndani yake, kwa hiyo nilihamia Kanazi kwa shangazi, ambako kusubiri kulikuwa na kivuli. Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Sisi wa huku tunahesabu hivyo mpaka leo: kabla ya wakimbizi, wakati wa wakimbizi, baada. Barabara ilikuwa imejaa malori ya msaada, na studio ilikuwa imejaa watu, maana mtu aliyeacha kila kitu anataka angalau karatasi moja inayosema kwamba yupo. Walitaka picha za kuwatumia ndugu waliotupwa kambi nyingine. Walitaka picha kubwa ya familia kabla familia haijapungua tena. Fundi akaona kiganja peke yake hakitoshi, anahitaji kibao.

"Msomi," aliniambia, "nataka neno la pesa ya mwanzo. La kitabuni."

"Watu wanasema advansi."

"Advansi anaomba mfanyakazi kwa bosi. Mimi siombi."

"Kianzio?"

"Kianzio kama vile kuna mbio. Nipe neno."

Nikampa. Nililitoa kifuani kama mtu anayetoa kalamu ya dhahabu: arubuni. Nikamweleza kwamba ni neno la kale, sanifu, maana yake hasa ni pesa anayotanguliza mnunuzi ili bidhaa iwe yake. Alilitamka mara tatu, akalipenda. Akanipa nusu ya malipo ya kibao papo hapo, nami nikaandika kwa rangi nyekundu, herufi za urefu wa shubiri: HAPA PICHA NI KWA ARUBUNI TU.

Sikufikiria kwamba Kiswahili cha Kanazi ni cha shule, soko na ofisi, na kwamba katika sehemu zote hizo tatu hakuna aliyewahi kusikia arubuni. Walichosikia, tena kila wiki, kwenye redio na kwenye mikutano ya kijiji, ni kurubuni: marufuku kurubuni wanafunzi, atakayerubuni binti wa shule atafungwa. Kwa hiyo kibao changu kilitangaza, kwa rangi nyekundu, kwamba hapa watu wanapigwa picha kwa kulaghaiwa tu, njia nyingine hakuna.

Mgambo wawili walifika siku ya tatu. Mimi nilikuwa kwenye benchi.

"Nani mwenye studio?" aliuliza mkubwa wao.

"Mimi. Karibuni. Picha ya pasi au nzima?"

"Tumekuja kwa habari ya kurubuni."

"Arubuni ni nusu," Fundi alisema, na kiganja kikakunjuka juu ya meza.

"Kumbe anakiri!" akasema yule mdogo.

Tulikwenda ofisi ya kata watu wanne, mimi nikiwa na kamusi kwapani. Mtendaji aliifungua, akashusha kidole ukurasani midomo ikitembea, akarudi juu, akashuka tena. Nje watu walikuwa wameshajaa dirishani. "Neno lipo," alisema hatimaye, kwa masikitiko. "Sawa. Lakini kibao kisiwekwe karibu na shule."

Nilitegemea kufukuzwa. Fundi alitembea na mimi mpaka studio, akafungua mtoto wa meza, akanihesabia nusu iliyobaki.

"Fundi, kibao kimekupeleka ofisini."

"Nilisema nusu ukimaliza. Umemaliza."

Kibao hakukitoa. Watu walikuja kuuliza maana yake, na akishawaeleza walikuwa wameshaketi mbele ya pazia. Ndani ya mwaka mmoja Kanazi yote ilikuwa inasema arubuni, au alubuni, kutegemea ulimi wa nyumbani. Walitoa arubuni ya bati, arubuni ya nguruwe, arubuni ya matofali. Wakimbizi nao wakalichukua. Jirani yake, yule fundi cherehani, ambaye pia ilibidi aanze kudai nusu kwa kuona wivu, alikataa kulitumia. Yeye alibaki na lile la zamani. "Umerubuni wangapi leo?" alimpigia kelele Fundi kila asubuhi kutoka kwenye cherehani yake, na Fundi alijibu, "Wewe tu umebaki, jirani," na wote wawili walicheka, maana ulikuwa utani.

Kwa wakimbizi Fundi alikuwa na ukaidi wa aina yake. Arubuni aliidai kama kawaida, hata kwa aliyetoka mpakani wiki iliyopita. Jambo hili liliniudhi. Nilimwambia kwamba ni ukatili kumdai nusu mtu aliyekimbia na sufuria moja.

"Nikimpa bure nimemfanya nini?" aliuliza.

"Umemsaidia."

"Wanaomsaidia wako wengi, wana malori. Hapa anakuja kununua. Akitoa hata kikombe cha maharage, akirudi anaingia kifua mbele, anasema, 'Nimefuata picha yangu.' Umeshawahi kusikia mtu anasema hivyo kambini? Kitu changu?"

Na kweli alipokea chochote: maharage ya mgao, kipande cha sabuni, mara moja mkeka ambao haujamalizika kusukwa. Kisha, na hapa ndipo niliposhindwa kumwelewa, nusu ya pili hakuidai kwa nguvu. Mtu akija mikono mitupu kuchukua picha, Fundi alimtazama, akamsogezea bahasha, akasema ataleta. Wengi walileta. Wengine hawakuleta, na sikuwahi kumsikia akiwataja. Mtu yuleyule aliyemtoa padri jasho kwa nusu ya kwanza! Nilipomwuliza aliona swali langu ni la kitoto. "Ile ya kwanza ni neno lake. Ile ya pili ni pesa."

Jambo la pili lilikuwa kilima. Jumamosi moja, katika miaka ya mwisho ya kambi, nilikuwa nimeshapata kazi ya ualimu Ngara mjini na nilipita studio kumsaidia kuandika bahasha, kwa kuwa macho yake yalianza kuona herufi zikitembea. Waliingia watu watatu: bibi mmoja, binti yake, na mjukuu wa kike wa kama miaka mitatu. Walikuwa wametembea toka alfajiri na arubuni yao, vikombe sita vya maharage ndani ya kitambaa. Fundi aliyapima, akayamimina, akamfuta mtoto uso.

"Mnatoka wapi?"

Binti akataja bloku yao kambini na namba ya nyumba.

"Siulizi bloku. Bloku si kwenu. Kilima gani?"

Yule bibi, ambaye tangu aingie alikuwa akitazama sakafu, aliinua kichwa. Alitaja kilima chake, ng'ambo ya mpaka, upande wa Muyinga. Kisha akataja kijito kilicho chini yake, na kanisa, na mti uliopigwa na radi, na nani alipakana na nani. Alisema kwa Kirundi, naye Fundi, ambaye Kihangaza chake, lugha ya huku Ngara, hakiko mbali nacho, alimfuata kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Mimi nilikuwa nimeshaandika jina na namba na nimeweka kalamu chini.

"Fundi, hapa posta?"

"Andika kilima, msomi."

Nikaandika, kijito na radi na vyote. Mtoto akataka kuvaa koti, akavalishwa, likamfika kwenye vidole vya miguu. Flashi ikawaka. Hakuna aliyefumba.

Mkanda ule ulikwenda Mwanza siku ya Jumatatu, na ndipo habari ikaja kwamba kambi inafungwa, malori yameanza kuvusha watu. Fundi alihamia kituo cha basi. Alisimama pale kila siku akiuliza makondakta, mpaka wakaanza kumwona wakiwa mbali na kutikisa vichwa. Mkanda ulirudi wiki ya tatu, siku ya Alhamisi. Alifunga bahasha kwenye kerea ya baiskeli akaenda kambini usiku haujakucha vizuri, na aliowakuta aliwapa, bila kumwuliza mtu nusu ya pili. Lakini bloku nyingi zilikuwa zimeondoka Jumanne ya wiki hiyo. Alikuta mistari ya miti bila maturubai, na mafiga. Alirudi na bahasha kumi na tisa.

Tulikuwa kwenye benchi, watu kama sita, alipokuwa anashuka kwenye baiskeli. Fundi cherehani alisimamisha mashine yake.

"Fundi! Kumbe kibao kilisema kweli! Umewarubuni wakimbizi, arubuni umekula, picha hujatoa, na mpaka wamevuka!"

Benchi zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sauti, nakumbuka. Ulikuwa utani uleule wa kila asubuhi.

 Fundi alipita katikati yetu, akaingia ndani, akatafuta debe tupu la mafuta ya msaada, akazipanga bahasha humo zikiwa zimesimama, akalisukuma chini ya meza. Tangu siku hiyo fundi cherehani alipopiga kelele zake za asubuhi, upande wa pili ulikuwa kimya, na baada ya muda naye akaacha.

Nilijaribu kumtuliza. Nilimwambia kwamba hakuna wa kulaumiwa, na kwamba kwa vyovyote arubuni humfunga mteja, mteja asipotokea imekwisha.

"Ndivyo mlivyofundishwa chuo?" alisema. "Inanifunga mimi. Kabla hajatoa naweza kukataa, naweza kufunga mlango nikalala. Akishatoa, nina deni la uso wake. Anayenidai pesa atakuja hapa kunitukana, nitamlipa, yataisha. Hawa kumi na tisa watakuja kunitukana vipi? Wamekaa huko kimya wanasema, yule Mtanzania alituibia. Na mimi sipo kujibu."

Nililiona jambo dogo. Nikapata uhamisho, nikahamia Mwanza kufundisha, nikanenepa.

Miaka mingi baadaye nilialikwa mkutano wa walimu wa Kiswahili huko Muyinga, nikashuka Kanazi kumsalimu. Studio ilikuwapo kwa jina. Kila mtu ana simu, na simu haidai nusu. Kibao changu kilikuwa kimepauka mpaka likabaki neno moja, lile lile. Fundi alikuwa ameketi mlangoni, jicho moja limefunikwa na mtoto wa jicho, la pili likielekea hukohuko.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Msomi wa kibao." Alinitambua kwa sauti. "Unakwenda wapi na viatu vinavyolia hivyo?"

Nilimwambia. Akaniambia nivute debe. Bahasha zilikuwa zimesimama vilevile. Alipapasa akatoa moja na kunipa nisome, nikakuta mwandiko wangu mwenyewe: kijito, kanisa, mti wa radi.

"Unavuka. Mpelekee."

"Nipe zote, Fundi. Nitatafuta watu wa kuzisambaza."

"Hiyo moja kwanza." Na kiganja kikakunjuka juu ya goti. "Arubuni."

"Mimi? Fundi, mimi?"

"Wewe hasa. Msomi ana mambo mengi."

Nikatoa pochi. Akatikisa kichwa. "Pesa utasahau. Nipe kitu utakachokikosa kila saa."

Nilielewa anachokitazama kwa lile jicho lililobaki. Nikavua saa yangu ya mkononi. Akaitia kwenye bahasha tupu, akaniamuru niandike jina langu na tarehe, na baada ya kufikiri akasema, "Na kilima." Nikaandika Nyabusozi, kwa baba.

Ningependa kusema kwamba nilikwenda moja kwa moja. Mkutano ulikuwa wa siku tatu, siku ya mwisho mvua ilinyesha, pikipiki hazikutaka kupanda, wenzangu waliniharakisha. Nilirudi na bahasha ndani ya mkoba, na gari lilipopita Kanazi nilijifanya ninatafuta kitu chini ya kiti. Mwanza, kila nilipotaka kujua saa, niligeuza mkono nikaona ngozi. Niliingia darasani nimechelewa, nikatoka kabla ya wakati. Mara mbili nilikwenda dukani kununua saa nyingine, na mara mbili niliondoka, maana kuinunua ilikuwa kama kukiri kwamba ile nyingine sitaikomboa. Nilivumilia miezi saba. Likizo ilipofika nilipanda basi, nikavuka, nikakodi pikipiki.

Kilima kilikuwa mahali pake. Kijito kilikuwapo, na kanisa. Mti wa radi haukuwapo, lakini wote niliowauliza waliujua. Mwanamke aliyetoka kwenye ua nilioelekezwa alikuwa na mvi pembeni na jembe mkononi.

"Natoka Kanazi," nilimwambia. "Kwa mpiga picha."

Aliweka jembe chini. "Wa alubuni?"

Neno langu lilikuwa limevuka mpaka, likabadilishiwa herufi moja tu. Nikampa bahasha. Aliipokea kwa mikono miwili, akamwita bintiye, na akatoka msichana mrefu mwenye mtoto wake mwenyewe mgongoni, akajiona kwenye picha na koti mpaka vidoleni, akacheka mpaka akaketi. Mama hakucheka. Alikuwa akimtazama yule bibi wa katikati.

"Hatuna nyingine yake," alisema. "Amefariki miaka minne sasa." Akaipangusa picha ambayo haikuwa na vumbi. "Kila alipokuja mgeni kutoka Tanzania, Mama alimwuliza, yule wa alubuni hajakutuma? Mimi nilimwambia, Mama, yule alikula maharage yetu akatudanganya. Alinikatalia. Alisema, angekuwa anatudanganya asingetuuliza kilima."

Aliingia ndani. Nilidhani amekwenda kulia, na pengine alilia. Alitoka na ungo wa maharage na kikombe, akaniambia nifungue mkoba. Nikamwambia hakuna haja. Hakunisikia. Alihesabu vikombe sita, cha mwisho akakijaza mpaka kikamwagika juu ya makaratasi yangu.

"Ilikuwa nusu," alisema.

Afisa wa mpakani aliingiza mkono kwenye mkoba, akatoa konzi ya maharage na kitabu cha sarufi. "Hii nini, mwalimu?"

"Salio la picha," nikasema, na uso wangu ulikuwa wa kijinga kiasi kwamba aliniamini.

Fundi alinikuta kwenye benchi la studio, bado ninatoa maharage kwenye kurasa. Nilimweleza yote. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande wa sikio zuri.

"Rudia hapo," alisema. "Hapo pa kilima."

Nikarudia.  Fundi akainua sauti ambayo sikujua kama bado anayo. "Jirani! We jirani! Njoo na miguu yako hapa!"

Fundi cherehani alikuja polepole na fimbo, mzee kama yeye, futi ya kupimia bado ikiwa shingoni.

"Mwambie," Fundi aliniamuru.

Nikasimulia mara ya tatu, nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi anayesoma insha. Nilipofika kwa yule bibi na maneno yake, fundi cherehani aliondoa futi shingoni, akaizungusha mkononi.

"Kwangu ulikuwa utani, jirani."

"Najua."

"Miaka yote hii?"

"Najua, jirani. Kaa. Kuna chai."

Tukanywa chai watu watatu, mlango wazi. Baadaye Fundi alipapasa ndani ya debe, akatoa bahasha yenye jina langu na kilima changu, akanirudishia saa. Nikaiweka sikioni.

"Imesimama, Fundi."

"Uliniachia saa. Betri hukuniachia."

Alichukua daftari lake la arubuni, akaomba kidole changu kimwelekeze kwenye mstari wa yule bibi, akaukata kwa kalamu na rula, polepole, asiuguse ule wa chini. Akaingiza mkono tena kwenye debe akatoa bahasha nyingine na kuniwekea magotini.

"Zimebaki kumi na nane," alisema, na kiganja kikakunjuka juu ya meza, kipana, kimetulia.

Nikaisukuma saa, kama ilivyo, mpaka ikagusa vidole vyake.